Sentensi ya Kiingereza na safari yake ya miaka elfu

Mwaka 1116 moto uliteketeza monasteri ya Peterborough, mashariki mwa Uingereza, na vitabu vyake vingi vikapotea. Baadaye watawa waliazima kutoka kwingine kitabu cha matukio ya kila mwaka cha Waanglo-Saksoni, wakakinakili, kisha wakaendelea kukiongezea habari hadi mwaka 1154. Nakala hiyo ipo hadi leo katika maktaba ya Bodleian, Oxford.

Wanahistoria wa lugha wanaithamini kuliko hata wanahistoria wa wafalme. Sehemu ya mwanzo, iliyonakiliwa, ni Kiingereza cha kale kilichofuata kanuni zake. Sehemu ya mwisho, iliyoandikwa na mtawa mmoja kwa lugha aliyoizungumza mwenyewe, inasomeka kama lugha nyingine. Miisho ya maneno imepukutika, na maneno yameanza kujipanga kwa utaratibu anaofundishwa mwanafunzi wa leo: kiima, kitenzi, yambwa.

Mabadiliko hayo hayakupitishwa na chuo wala baraza la lugha. Yaliletwa na watu waliolazimika kuishi pamoja.

Enzi ya miisho

Waangli, Wasaksoni na Wajuti walihamia Uingereza kutoka kaskazini mwa Ulaya kuanzia karne ya 5. Lugha yao ilikuwa na jinsia tatu za nomino, na kila nomino ilibadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Anayetenda alikuwa na alama yake, anayetendwa yake, anayepewa yake, na mwenye mali yake.

Kwa sababu hiyo msemaji aliweza kusema "se hund bat þone mann" au "þone mann bat se hund", na maana ikabaki ileile: mbwa alimng'ata mtu. "Se" ilimtambulisha aliyeng'ata, na "þone" aliyeng'atwa. Msemaji wa Kiswahili hapati tabu kulielewa jambo hili. "Mtoto amekisoma kitabu" na "kitabu mtoto amekisoma" hazitofautiani kwa maana, kwa kuwa viambishi a- na ki- vinaonyesha nani kasoma na nini kimesomwa.

Kiingereza cha leo hakina uhuru huo. Ukigeuza "the dog bit the man" ikawa "the man bit the dog", umembebesha mtu kosa la mbwa.

Waviking waingia

Wengi hudhani miisho iliuawa na Wanormani walioivamia Uingereza mwaka 1066. Maandishi yanaonyesha kwamba ilianza kulegea mapema zaidi, na ilianzia kaskazini. Kule ndiko Waviking walikoshambulia monasteri ya Lindisfarne mwaka 793, na baada ya jeshi lao kubwa kutua mwaka 865 wengi wao wakabaki wakilima, wakifanya biashara na kuoana na wenyeji.

Lugha ya Waviking na ya Waingereza zilikuwa za ukoo mmoja. Mizizi ya maneno ilifanana, lakini miisho ilitofautiana. Wataalamu wengi wanaona kwamba katika mazungumzo ya kila siku watu walishika mizizi na kuacha miisho iliyowatatiza. Matamshi nayo yalichangia: mkazo uliwekwa mwanzoni mwa neno, hivyo irabu za mwishoni zikafifia. Undani wa mchanganyiko huo unaonekana katika "they", "them" na "their". Zote ni za Waviking, na si kawaida ya lugha kuazima viwakilishi vya nafsi.

Wanormani walifanya kazi nyingine. Kifaransa na Kilatini vilichukua nafasi ya Kiingereza katika utawala, na kanuni za uandishi zilizotunzwa katika makao ya kidini kama Winchester zikakosa mlinzi. Waandishi wakaandika walivyosema, na mabadiliko yaliyokuwa yamejificha midomoni kwa vizazi yakajitokeza kwenye karatasi. Kiingereza kiliporuhusiwa rasmi katika mashauri ya mahakama mwaka 1362, sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, lakini lugha iliyorudi ilikuwa imeshajengwa upya. Maana sasa ilibebwa na mpangilio wa maneno pamoja na vihusishi kama "of" na "to".

Kitendawili cha "do"

Ukanushaji ulipita hatua kadhaa, zilizoelezwa na mwanaisimu wa Denmark Otto Jespersen. Kwanza "ic ne secge", sisemi. Kisha kikanushi cha pili kikaongezwa kutia nguvu: "I ne seye not". Halafu kile cha kwanza kikadondoka: "I say not". Mwisho ikaingia "do": "I do not say".

"Do" hiyo isiyo na maana yake yenyewe ilianza kuonekana katika maandishi ya kusini magharibi mwa Uingereza karne ya 13. Asili yake bado inabishaniwa. Mwanaisimu John McWhorter ni miongoni mwa wanaoihusisha na lugha za Kiselti, kwa kuwa Kiwelsh na Kikorn hutumia kitenzi cha "kufanya" kwa namna inayokaribiana. Wengine wanasema ilikua ndani ya Kiingereza chenyewe.

Namna ilivyoenea inajulikana vizuri zaidi, hasa kutokana na utafiti wa Msweden Alvar Ellegård uliochapishwa mwaka 1953. Ilishika kwanza katika maswali ya kukanusha, kisha katika maswali ya kawaida, na ikachelewa katika sentensi za kukanusha. Katika karne ya 16 ilijaribu kuingia hata katika sentensi za kukubali, kisha ikarudi nyuma. Leo katika Kiingereza sanifu "I do know" husemwa kwa kusisitiza tu. Shakespeare aliishi katikati ya mageuzi hayo, ndiyo maana tamthilia zake zina namna zote mbili, ya kale na ya sasa. Vitenzi kama "be" na "can" vilikataa, na hadi leo kwa kawaida huuliza na kukanusha bila msaada wa "do".

"You" yala ndugu yake

Kiingereza kiliwahi kutofautisha wewe na nyinyi: "thou" kwa mmoja, "ye" na "you" kwa wengi. Kwa kuiga Kifaransa, wakubwa wakaanza kuitwa kwa wingi, na "thou" ikabaki kwa mtoto, mtumishi, mpenzi na Mungu. Katika kesi ya uhaini ya Sir Walter Raleigh mwaka 1603, mwendesha mashtaka Edward Coke alimwita "thou" kwa makusudi ili kumdhalilisha.

Kundi la kidini la Quaker, chini ya George Fox, liligoma kuwapa wakubwa wingi wa heshima, likamwita kila mmoja "thou". Hawakufaulu. Wengine waliona salama zaidi kumwita kila mtu "you", na kufikia karne ya 18 "thou" ilikuwa imebaki zaidi katika ibada, ushairi na baadhi ya lahaja. Pengo lake bado linasumbua, ndiyo maana kusini mwa Marekani watu husema "y'all" wanapozungumza na wengi.

Wanasarufi wachelewa

Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alichapisha sarufi yake maarufu mwaka 1762, na Lindley Murray akamfuata mwaka 1795. Wakati huo mpangilio wa maneno, "do" na "you" vilikuwa vimeshatulia. Lowth alifundisha kwamba vikanushi viwili hufutana, ingawa mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alivirundika bila wasiwasi.

Makatazo mengine hayakusikilizwa. Kwa muda mrefu Waingereza walisema "the house is building" wakimaanisha nyumba inajengwa. Mwishoni mwa karne ya 18 ikaanza "is being built". Mwaka 1870 Mmarekani Richard Grant White aliishambulia vikali. Leo iko katika kila kitabu cha shule.

Walimu wetu wa Kiingereza wangefaidika na historia hii. Mwanafunzi anayeandika "does she knows" hakosi akili. Hajaelezwa tu kwamba "do" ilipoingia ilibeba alama ya nafsi na wakati, ikakiacha kitenzi kikuu kitupu. Kanuni inayoelezwa chanzo chake hukaa kichwani kuliko inayokaririwa, na dakika kumi za kueleza chanzo hicho zinastahili nafasi katika kipindi.