Mkono Uliokuwa Shata: Picha ya Kitale na Dai la Tundu la Msumari

Wazee kadhaa niliozungumza nao Bungoma wanashikilia kwamba wapiga picha wa sanduku, wale waliosimamisha kamera zao za mbao juu ya miguu mitatu, hawakuwa na lenzi. Sanduku, wanasema, lilikuwa na tundu la msumari tu, na fundi alilifunua na kulifunika kwa mkono. Naelewa dai hili lilikotoka. Mteja hakusikia mlio wowote. Aliona kitu cheusi cha mviringo, kifuniko kikitoka, kifuniko kikirudi. Waliosoma fizikia kidato cha kwanza nao wanaikumbuka kamera ya tundu la pini iliyotengenezwa kwa boksi. Hata hivyo, dai hili linawapunja mafundi, na ushahidi wangu ni picha ya nyanya.

Ilipigwa Kitale, ikahifadhiwa miaka mingi ndani ya Biblia yake huku Bungoma. Nyanya ameketi, mjomba wangu, akiwa bado mchanga, yuko mapajani. Nyuso zao zinaonekana wazi. Mkono mmoja wa mtoto umegeuka ukungu, na ukuta ulio nyuma umefifia.

Ukuta huo unatosha kumaliza ubishi. Tundu halichagui umbali: cha karibu na cha mbali vyote hutoka kwa ukali uleule. Kinachoweza kuuacha ukuta ufifie huku macho ya mtu yakikaa sawa ni lenzi.

Mkono wa mtoto nao unatupa muda. Sanduku lenye kina cha sentimita 15 linahitaji tundu la takriban nusu milimita. Kwa karatasi ya picha, ambayo hupokea mwanga polepole sana, tundu hilo lingedai karibu dakika nzima katika jua kali la mchana. Mtoto gani mchanga hutulia dakika nzima? Uso wake ungeyeyuka wote. Hapa kimepotea kiganja tu, kwa hiyo lenzi ilikaa wazi kama sekunde moja.

Wapo wanaosema kufungua kwa mkono kulikuwa kubahatisha tu, ufundi wa wasio na kamera ya kweli. Maneno hayo hayana msingi. Uvumbuzi wa picha wa Daguerre ulipotangazwa mwaka 1839, kifuniko cha lenzi kilitosha kuwa shata. Shata za mitambo zilianza kuhitajika sana baada ya vioo vikavu vya jelatini vya miaka ya 1870 na 1880 kuufupisha muda mno kwa mkono wa binadamu. Fundi wa sanduku alibaki na karatasi, na kwa karatasi, mkono ulitosha.

Ulitosha, lakini haukuwa rahisi. Mwenye tundu akikosea nusu sekunde katika dakika nzima, hakuna atakayejua. Mwenye lenzi akikosea nusu sekunde katika sekunde moja, mwanga umepungua au umezidi kwa nusu. Fundi alikiachanisha kifuniko na lenzi taratibu, akakishikilia mbele yake mpaka sanduku liache kutikisika, ndipo akakiondoa, akahesabu, akakirudisha. Kisha aliingiza mkono kwenye soksi ya kitambaa na kuisafisha karatasi humo humo ndani ya sanduku, gizani, kwa kupapasa. Ilipatikana picha kinyume, penye weusi pakiwa peupe. Akaiweka mbele ya lenzi na kuipiga tena. Kila picha ilimdai hesabu mbili sahihi, chini ya jua linalojificha na kutokeza.

Serikali ya kikoloni iliwatambua babu zetu kwa kipande, karatasi yenye alama za vidole ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Sura zao tumeachiwa na mafundi kama hawa. Makumbusho ya Kitale yalizaliwa na mkusanyiko ambao Stoneham, mlowezi na mwanajeshi, aliuanzisha mwaka 1926, yakawa ya taifa mwaka 1974. Nayasihi yatafute sanduku moja, na kifuniko chake kisitupwe kama takataka. Hicho ndicho kilichoshika sekunde ile ambayo mjomba alipunga mkono na nyanya hakupepesa.