Land Rover, Tanzanite na Barabara ya Mirerani

Mwezi Oktoba 2024 Jiji la Arusha lilifurika Land Rover. Mkuu wa Mkoa wa wakati ule, Paul Makonda, alikuwa amewaita wenye magari hayo wajitokeze ili ivunjwe rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa Land Rover, rekodi iliyokuwa imewekwa Ujerumani mwaka 2018. Waliitika. Yalikuja ya rangi zote, mazima na makongwe, mengine yakiwa yamefufuliwa wiki ileile kwenye gereji za uani. Vyombo vya habari vilihesabu magari, vikahesabu vitanda vya hoteli vilivyojaa, vikahesabu na mbuzi waliochomwa. Swali ambalo halikuulizwa ni la kihistoria: gari hili lilikuja kwetu kufanya kazi gani, na kwa nini tunalipenda kiasi hiki?

Tangu hapo misafara midogo ya namna hiyo imeongezeka huku Kaskazini. Watu hukusanyika, hupanga njia ya vumbi, hubeba koleo, kamba na dizeli ya akiba, wakaenda kulala porini. Nilishiriki mmoja ulioondoka Moshi kwenda upande wa Mirerani, kwa mwaliko wa jirani yangu hapa Shirimatunda, fundi mstaafu mwenye Land Rover 109 ambayo ameimiliki kwa muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wangu. Magari hayakuzidi kumi na tano. Zaidi ya nusu yalikuwa Land Cruiser, jambo lililozua utani wa njia nzima.

Tuanze na utani huo, kwa sababu ndani yake imo historia. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa kwa mgawo, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa alumini. Maurice Wilks, aliyelibuni, aliazima mawazo kutoka kwenye Jeep ya jeshi la Marekani aliyokuwa akiitumia shambani kwake. Gari la mkulima, basi. Lakini soko lake kubwa likawa dola ya kikoloni. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 lilikuwa gari la Bwana Shauri, la bwana shamba, la polisi na la mmisionari. Mwanakijiji aliyeona vumbi lake kwa mbali alijua Serikali inakuja, na mara nyingi haikuja kwa heri.

Ila historia ina kejeli zake. TANU nayo ilipopata gari la kumzungusha Mwalimu Nyerere nchini kudai uhuru, gari hilo lilikuwa Land Rover. Chombo kilichobeba kodi kikabeba pia ujumbe wa kuikataa kodi hiyo. Baada ya Uhuru likawa gari la katibu wa chama, la mganga wa wilaya, la chanjo. Kisha zikaja Land Cruiser, na lugha yetu, ambayo haimsamehi mkubwa, ikayapa magari makubwa ya wakubwa jina la mashangingi. Hakuna aliyewahi kuiita 109 shangingi. Nadhani hapo ndipo penye jibu la sehemu ya swali langu: tunaipenda Land Rover kwa kuwa iliporomoka ikatufikia. Serikali ilipoiacha, iliangukia mikononi mwa mafundi wa mitaani, wakaifanya basi la abiria la nyanda kame. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, magari ya aina hii yalikuwa miongoni mwa yale yaliyowafikisha wagonjwa pale ambapo lami haikuwahi kuonekana.

Na iliangukia Mirerani.

Kutoka Moshi unashika barabara ya Arusha, unapita Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, kisha kwenye njia panda ya KIA unaelekea kusini. Sisi tuliiacha lami mapema, tukakata kwenye nyika kwa njia za ng'ombe. Ni nchi ya miiba na udongo mwepesi unaoruka kama unga; wakati wa mvua udongo huohuo hukamata magurudumu hadi kwenye difu. Nyuma yetu Kilimanjaro, kuliani Meru, mbele vilima vya Lelatema vinavyoonekana duni kwa asiyejua kilichomo. Madereva walipunguza upepo wa tairi, mmoja akazama kwenye korongo, akavutwa kwa winchi huku simu kumi zikimpiga picha. Ilikuwa raha, sitaficha.

Katika vilima hivyo, mwaka 1967, dunia ilipata kito ambacho hadi leo hakijapatikana kwa biashara mahali pengine popote. Kwa miaka mingi vitabu vya nje vilimtaja Manuel d'Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyekuwa akitafuta madini, kuwa ndiye mgunduzi. Huku kwetu jina lililosimuliwa ni la Jumanne Mhero Ngoma. D'Souza alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1969. Mzee Ngoma aliishi hadi Januari 2019, na miezi michache tu kabla ya hapo, Aprili 2018, Rais Magufuli alimsimamisha hadharani akamtambua na kumpa shilingi milioni 100. Nusu karne ilipita kati ya jiwe na shukrani. Jina lenyewe la tanzanite halikutoka kwetu. Lilitolewa na kampuni ya Tiffany ya New York mwaka 1968, iliyoona kwamba zoisaiti ya bluu ni jina lisilouzika. Tulipewa heshima ya kuitwa, biashara wakabaki nayo.

Mwaka 1971 migodi ilitaifishwa. Mashirika ya umma hayakuiweza, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 vilima vilikuwa vimejaa maelfu ya wachimbaji wasio na leseni. Serikali ikawaondoa, ikagawa eneo katika vitalu vinne, A, B, C na D, wachimbaji wadogo wakipewa B na D. Kitalu C, kilicho kikubwa, kilienda kwa kampuni iliyoitwa Graphtan, jina linalotokana na madini ya kinywe yanayoambatana na tanzanite. Kinywe hicho ndicho kinachowafanya wanaapolo, yaani wachimbaji wanaoshuka mashimoni, watoke wakiwa weusi wa kung'aa kama risasi ya penseli. Baadaye kitalu hicho kikawa cha TanzaniteOne. Ukiangalia ramani ya vitalu utaona mstari mnyoofu wa afisa mipango. Chini ya ardhi hakuna mstari. Mshipa wa jiwe haujui leseni. Mahandaki hukutana, na wachimbaji wana neno lao kwa hilo: mtobozano. Ni neno zuri kuliko lolote nililolisoma katika ripoti za migogoro ya ardhi.

Mtobozano ulileta ugomvi, lakini pia ulileta mauti. Mvua za El Niño za mwaka 1998 zilipoingia mashimoni, maji hayakukaa kwenye shimo moja; yalipita kutoka handaki hadi handaki, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mwaka 2002 wengine zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa. Machi 2008 mvua ilirudia kazi yake katika Kitalu B, ikaua watu zaidi ya 60. Wengi walikuwa vijana waliotoka kila pembe ya nchi, wasio na mshahara, wanaolishwa na mwenye mgodi wakisubiri siku mgodi utakapotema. Jirani yangu fundi alinieleza, huku akikanyaga klachi, jinsi magari kama hili lake yalivyofanya kazi katika njia hizi enzi hizo: maji ya kunywa, unga, mbao, kompresa na baruti kwenda, wagonjwa na maiti kurudi. Alisimulia kwa sauti ileile ya kusimulia springi zilizokatika.

Kisha lami ikaja. Tarehe 20 Septemba 2017 Rais Magufuli alizindua barabara ya KIA hadi Mirerani, kilomita 26, na siku hiyohiyo akaliagiza jeshi kujenga ukuta kuzunguka migodi. Tarehe 6 Aprili 2018 ukuta wa kilomita 24.5 ulizinduliwa. Kwa mwanahistoria, matukio haya mawili ni tukio moja. Barabara ilimaliza ulazima wa Land Rover, kwani siku hizi hata bajaji inafika Mirerani. Ukuta ukageuza nyika iliyokuwa na vichochoro mia kuwa mahali penye lango la ukaguzi. Dola ilifika, safari hii kwa saruji.

Simo katika kundi la wanaoubeza ukuta. Utoroshaji ulikuwa wa aibu, na Juni 2020 Saniniu Laizer alipouza Serikalini mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akapata shilingi bilioni 7.74, wengi waliona kwamba mfumo unaweza kumlipa Mtanzania mchana kweupe. Lakini Laizer alikuwa mwenye mgodi. Ukuta unalinda jiwe. Unapekua mwili wa mwanaapolo anapotoka. Kuhusu mgawo wake, bima yake, na hewa anayoivuta chini, ukuta hauna la kusema.

Tulipiga kambi mbali kiasi na ukuta, upande wa Naisinyai, ukionekana kama mstari wa chaki jioni. Mazungumzo ya moto yalikuwa ya tairi, ya bei ya vipuri na ya nani alizama wapi. Yule aliyepanga njia alikuwa ameiandika katika karatasi kwa majina ya kusisimua, korongo hili na mteremko ule, na hakuna hata alama moja iliyotaja kwamba njia ile iliwahi kuwa na kazi. Nilikumbuka milima ya San Juan kule Colorado, ambako wapenzi wa Jeep hupita kila kiangazi katika njia zilizochongwa na wachimbaji wa karne ya 19, nyingine zikiwa barabara za kulipia za Otto Mears. Kule migodi imekufa, magofu yamekuwa mandhari, na mgeni husoma vibao. Sisi tunafanya utalii wa mgodi ulio hai, usiku taa zake zikionekana, bila kibao na bila swali.

Nilipowauliza wenzangu kama tungeweza kuweka majina ya miaka ile mitatu, 1998, 2002 na 2008, katika karatasi ya njia, hakuna aliyepinga. Wawili hawakuwa wamewahi kusikia habari hizo, nao ni wazaliwa wa Hai. Kijana mmoja mwenye Land Cruiser mpya alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba mjomba wake alikuwa apolo Kitalu B na hakurudi, na kwamba nyumbani kwao Rombo mgomba ulioandaliwa kaburi lake ulizikwa bila mwili. Karatasi ikapitishwa mkono kwa mkono ili aandike jina la mjomba. Aliandika, akaongeza majina mengine matatu ya vijana wa kijiji chao, akauliza kama kuna kalamu nyingine, kwa kuwa ile ilikuwa inaishiwa wino.