Simu: Waya Usio na Waya

Mwambie kijana wa Likombe kuwa simu iliyo mfukoni mwake ni waya, atakucheka. Waya uko wapi? Lakini neno ndivyo lisemavyo. Kwa Kiajemi "sim" ni waya, na zamani pia fedha, ile madini. Watu wa pwani wakaliazima, wakatia "u" mwishoni, basi.

Jina lilifaa kwa wakati wake. Mwaka 1879 kampuni ya Waingereza ililaza waya wa telegrafu chini ya bahari, kutoka Aden hadi Unguja, kisha Kisiwa cha Msumbiji mpaka Durban. Yaani kabla Wajerumani hawajajenga boma la Mikindani mwaka 1895, habari za wakubwa zilishakuwa zinapita huko nje ya mdomo wa Ruvuma, na wavuvi wetu wako juu wanatupa nyavu, hawasikii kitu. Simu ilikuwa waya, na pia ile habari yenyewe. Mzee akisema "nilipata simu", mkononi alikuwa na karatasi.

Halafu ikaja redio, kasheshe! Waingereza wakasema "wireless", Wafaransa "sans fil", Wareno ng'ambo ya Ruvuma "sem fios", Waarabu "lasilki", Waajemi "bisim". Wote wanasema kitu kimoja: bila waya. Wajerumani walitazama cheche za mitambo ya mwanzo, wakaiita "Funk". Na sisi? Simu ya upepo. Waya wa upepo, jamani! Mimi naona hilo ni neno la watu waliozoea kungoja kusi na kaskazi ziwaletee majahazi na habari.

Sasa, mhariri mmoja aliwahi kunirudishia hadithi yangu, "laini" na "waya" kazikata kwa wino mwekundu, eti Kiingereza. "Simu" kaiacha, Kiswahili safi. Mbona hiyo laini nayo asili yake ni uzi tu, ule wa simu za mezani? Kijana akisema "nipe waya nichaji simu, laini yangu haishiki", katamka waya mara tatu, mara moja kwa Kiajemi na mara mbili kwa Kiingereza. (Ile SIM ya kwenye kadi ni herufi za Kiingereza tu, haina udugu na Waajemi.)

Hadithi nimeipeleka kwingine. Laini imo.