Visiwa vya Ged

Tolkien alipotoa The Hobbit mwaka 1937, kisha C.S. Lewis akaja na vitabu saba vya Narnia kati ya 1950 na 1956, hadithi za ajabu za vijana zilishika njia moja: misitu ya Ulaya ya kale, wafalme, panga. Kwa Lewis, maadui wa Calormen, watu weusi wenye vilemba, walitokea kusini.

Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin aliipindua ramani hiyo. A Wizard of Earthsea inaanza na bahari. Hakuna bara, ni visiwa vitupu. Mwandishi huyu, binti wa mwanaanthropolojia Alfred Kroeber, alijua kuwa jamii haiishi kwa kasri peke yake. Ina mbuzi wa kuchungwa, mashua za kuundwa, na miiko ya kumpa mtoto jina. Ged, mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, anapewa jina lake la kweli akiwa na miaka 13, baada ya kuvuka maji ya baridi. Jina hilo hufichwa, maana alijuaye humtawala mwenye jina. Uganga wote wa Earthsea umejengwa juu ya kanuni hiyo, na una bei: ageuzaye upepo huku huvuruga hali ya hewa kule.

Vita vikuu hakuna. Kwa majivuno ya ujana, Ged anafungulia kivuli kinachomwandama kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka anapogeuka na kukiita kwa jina lake mwenyewe. Sijui hadithi ya vijana iliyomweka adui karibu zaidi.

Ged ana ngozi ya kahawia, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe ni Wakargi, wavamizi. Hata hivyo majalada mengi yalimchora Ged mweupe, na filamu ya televisheni ya 2004 ikampa mwigizaji Mzungu. Le Guin akaipinga hadharani.

Lakini chuo cha waganga kisiwani Roke kilipokea wanaume tu, na uganga wa wanawake ulidharauliwa. Dosari hiyo Le Guin alirudi kuishughulikia mwaka 1990 katika Tehanu. Humo Ged ameishiwa nguvu zote, na anayebeba hadithi ni Tenar, mjane wa mkulima, anayemlea mtoto wa kike aliyeunguzwa moto na watu wazima.