Zawadi ya Mtoto Aliyehitimu Kurani: Mwongozo kwa Familia Zetu za Al Rayyan

Mtoto anapomaliza juzuu zote 30 za Kurani mbele ya mwalimu wake, sisi watu wa pwani husema amehitimu. Oman sherehe yake huitwa taimina: mtoto huvishwa nguo nzuri akatembezwa na wenzake mitaani, mwalimu akisoma dua na watoto wakiitikia "Amin". Unguja nako tulikuwa na yetu. Chuo kizima hufurahi siku hiyo, na masinia ya halua na vitumbua hupelekwa kwa mwalimu. Jambo hili lisichanganywe na hitima ya kumsomea marehemu, ingawa maneno yametoka shina moja.

Hapa Al Rayyan, tukianzia Muaither na Al Gharrafa mpaka Ain Khaled na Abu Hamour, watoto wetu husoma misikitini, kwa walimu wa majumbani, na siku hizi hata kwa intaneti. Kadi ya mwaliko ikifika, swali ni lile lile: tumpelekee nini? Mimi nimefanya ukarani maisha yangu yote, na karani hupanga mambo kwa mafungu. Haya ndiyo mafungu yangu.

Kabla ya kununua

Muulize mama wa mtoto mambo matatu. Kwanza, amehitimu kwa kutazama au amehifadhi kwa moyo? Pili, anasomea msahafu wa chapa gani? Tatu, ana ndugu wangapi, na wa umri gani? Ukishayajua haya matatu, nusu ya kazi imekwisha.

Msahafu

Msahafu ndio zawadi ya kwanza inayomjia kila mtu akilini, na ndiyo maana mtoto mmoja huweza kupata sita. Basi chagua kwa akili. Misahafu mingi ya chapa ya Madina ina kurasa 604, mistari 15 kila ukurasa, na kila ukurasa huishia mwisho wa aya. Mwenye kuhifadhi hukumbuka aya kwa mahali ilipo: juu kushoto, chini kulia. Ukimpa msahafu wa mpangilio mwingine, kama ule wa mistari 13 au 16 wanaoupenda walimu wengi wa Kihindi na Kipakistani, utamchanganya. Mpe wa mpangilio ule ule anaosomea, uwe mkubwa au mzuri zaidi.

Qatar ina msahafu wake, Mus-haf Qatar, uliotolewa mwaka 2010 na kuandikwa kwa mkono wa khatati Msyria, Ubaydah al-Banki. Kwa mtoto aliyezaliwa au kukulia Doha, huo ni ukumbusho mzuri wa nchi aliyohitimia.

Kwa mtoto mkubwa, wa miaka 12 hivi kwenda juu, mimi napendelea tafsiri ya Kiswahili. Ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, "Qurani Takatifu", ilichapwa Nairobi mwaka 1969, na mwenyewe alifariki Muscat mwaka 1982. Ipo pia ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Zanzibar kabla ya Mapinduzi ya 1964 na akafariki Muscat mwaka 2006. Watoto wetu wengi wanaisoma Kurani kwa sauti nzuri bila ya kujua maana yake, na Kiswahili chao kinapungua kila mwaka. Kitabu kimoja kinatibu yote mawili.

Ikiwa msahafu anao, mpe marufaa ya mbao ya kuuwekea. Souq Waqif haikosi kitu cha namna hiyo. Anayetoka Al Rayyan kwa metro apande laini ya kijani mpaka Msheireb, abadilishe laini ya dhahabu, kituo kimoja tu ameshafika.

Nguo

Kanzu na kofia ni zawadi ya heshima kwa mvulana, lakini jua anavaa kanzu ya wapi. Kanzu ya Kiomani haina kola na ina kishada shingoni. Ya Kiqatari ina kola. Mtoto wa Kiomani ukimpa ya kola, ataivaa nyumbani tu. Kofia iliyoshonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa hiyo agiza mapema Muscat au Unguja, na kichwa kipimwe kwa uzi kabla hujaagiza. Msichana mpe baibui au mtandio mzuri, na vazi la kusalia ambalo bado litamfaa mwakani.

Dhahabu na fedha

Wengi husahau hapa. Dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume, na mvulana hazoezwi kile ambacho kesho ataambiwa akivue. Yeye mpe pete ya fedha au saa ya kawaida. Msichana anaweza kupewa dhahabu. Tazama muhuri: 750 ni karati 18, 875 ni karati 21, 916 ni karati 22. Bei huwa na sehemu mbili, uzito wa gramu na ufundi. Muulize sonara kila moja mbali, kwani siku ya kuuza utarudishiwa dhahabu, ufundi haurudi. Pia hereni ndogo za mtoto hupotea. Kidani chepesi hukaa zaidi.

Pesa

Bahasha haina aibu. Wazee wetu walimtunza mtoto mbele za watu, na noti inamsaidia mzazi kuliko gari la nne la kuchezea. Jamaa walioko Muscat wakumbuke kwamba riyali 1 ya Oman ni kiasi cha riyali 9.46 za Qatar, kwa kuwa sarafu zote mbili zimefungwa kwenye dola. Riyali 5 za Oman kwa hivyo si kidogo hapa.

Lakini nasema wazi: asikope mtu kwa ajili ya zawadi. Miongoni mwetu wamo wenye nyumba kubwa na wamo wanaolala vyumba vya kugawana, wakipeleka nusu ya mshahara Tanga, Lamu au Pemba. Nimeona watu wakikaa nyumbani siku ya hafla kwa sababu hawana cha kushika mkononi. Hilo ndilo linalotuvunja, kwani mtoto huyo yuko mbali na wajomba na mashangazi, na mtu akikosa kuja nafasi yake inaonekana. Mwenye hafla naye asitangaze nani kaleta nini.

Ndugu zake

Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi ambayo baba alimpa mtoto mmoja akawaacha wengine. Hukumu hiyo inawahusu wazazi, na kwa undani wake muulizeni sheikh wenu, lakini hekima yake inatufaa sisi wageni pia. Kaka ambaye bado yuko juzuu ya 12, mdogo wake keshahitimu, siku hiyo anaumia. Mchukulie hata kalamu nzuri na umwambie: na wewe tunakungoja.

Mwalimu

Watu hupanga zawadi kumi za mtoto, mwalimu akatoka na sahani ya biriani. Yeye ndiye aliyemsikiliza mtoto huyo kosa baada ya kosa kwa miaka. Wageni wawili watatu wakichanga, mwalimu atapata kanzu, udi au bahasha. Apewe mbele ya mtoto, ili mtoto ajue elimu ina mwenyewe.

Ukialikwa na jirani Mkristo

Miongoni mwa majirani zetu wamo Wakristo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Rozari lilifunguliwa hapa Mesaimeer mwezi Machi 2008, katika ardhi iliyotolewa na Amiri Hamad bin Khalifa Al Thani, na watoto hupokea komunyo ya kwanza humo. Mimi asubuhi nilisoma skuli ya mapadri na alasiri chuoni, na desturi zao nazifahamu: rozari na msalaba hununuliwa na wazazi au wasimamizi wa ubatizo. Mgeni Mwislamu anaweza kupeleka saa, kitabu cha hadithi, kalamu au sanduku la tende nzuri, na atapokewa kwa furaha. Nao wakija kwetu, kila nilichokitaja hapo juu isipokuwa msahafu wanaweza kukileta bila ya wasiwasi.

Maandishi

Zawadi yo yote iwe na karatasi. Andika kwa Kiswahili jina kamili la mtoto pamoja na la baba na babu, tarehe ya Hijria na ya Miladia, mahali, na jina lako na udugu wenu. Usiandike ndani ya msahafu wenyewe. Tia kadi ndani ya kisanduku chake. Nguo itambana, pesa zitatumika, na kadi atakayoikuta akiwa mtu mzima itamwambia ni nani waliokuwapo Al Rayyan siku ile, na walikuwa nani wake.