Katiba Ilikuja Baadaye

Ndugu msomaji, vikundi vya vijana wa mjini unavijua. Kikao cha kwanza, wanachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kikao cha pili, katiba. Kikao cha tatu, mhuri. Cha nne wanafika watu watano, na cha tano anafika mwenye ufunguo wa ukumbi peke yake. Lengo lilikuwa zuri na wote walilikubali: kutoa jarida. Ila hadithi hata moja haikuandikwa.

Mimi jambo hili linaniuma, maana vipaji vinapotea humo humo. Ndiyo maana nimekuwa nikitafuta katika historia: ni wapi watu wasiolipwa, tena wasiojuana hata sura, walitoka kwenye "tumekubaliana" wakafika kwenye "imekwisha, itumie"? Jibu nimelikuta kwa mafundi wa programu za kompyuta. Usiogope, si lazima uwe fundi ndipo unielewe.

Tuanzie Marekani. Tarehe 27 Septemba 1983, Richard Stallman, fundi wa programu pale MIT, alitangaza kwamba anataka kutengeneza mfumo endeshi mzima, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta. Kila mtu angeruhusiwa kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadili na kumgawia jirani. Aliuita GNU. Januari 1984 aliacha kazi yake akaanza.

Lengo kubwa kama mlima! Lakini jamaa hakuishia kuuhubiri mlima. Aliufuata mfano wa Unix, mfumo uliojengwa kwa programu nyingi ndogondogo, kila moja na kazi yake. Kwa hiyo kazi iliweza kukatwa vipande: wewe shika hiki, mimi kile. Mwaka 1985 ikatoka Emacs, ya kuandikia. Mwaka 1987 ikatoka GCC, inayogeuza maandishi ya fundi kuwa lugha ya mashine. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, iliyolinda haki ya kugawana. Kila kipande kilifaa watu palepale, bila kungoja nyumba nzima iishe.

Kikabaki kiini, ile sehemu ya katikati inayogawa kumbukumbu na muda wa mashine. Kazi yake ilianza mwaka 1990, kikaitwa Hurd. Kwenye karatasi kilipendeza kweli: badala ya programu moja nene, ziwe nyingi ndogo zinazowasiliana. Taabu yake ni kwamba kosa likitokea katikati ya mawasiliano hayo, kulisaka ni shughuli pevu. Miaka ikapita. Mwaka 2016 Hurd ilitoa toleo la 0.9, bado haijafika 1.

Sasa hamia Finland. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, umri miaka 21, aliwaandikia watumiaji wa mfumo mdogo uitwao Minix. Aliwaambia anatengeneza mfumo wake kwa kujifurahisha tu, wala hautakuwa mkubwa kama GNU. Akawauliza wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Tazama hapo, msomaji. Hakuomba kuungwa mkono. Aliuliza swali ambalo mtu angeweza kulijibu usiku ule ule. Na alikuwa na kitu cha kuonyesha: tayari alikwisha kuziendesha Bash na GCC, kazi za wale wale wa GNU, juu ya kiini chake.

Septemba akatoa toleo la 0.01. Lilikuwa bovubovu, lakini mtu aliweza kulijaribu, kuona kasoro na kumtumia marekebisho. Mwaka 1992 akaliweka chini ya GPL, na Machi 1994 likatoka toleo la 1.0. Hapo ndipo mlima wa Stallman na kibanda cha Torvalds vikakutana. Bila lengo la yule wa kwanza, huyu wa pili asingekuwa na vifaa wala leseni. Bila kibanda cha wa pili, mlima ungekaa muda mrefu bila kilele.

Hata hivyo vipande bado vilihitaji kukusanywa ili mtu wa kawaida avitumie. Agosti 1993 Ian Murdock, naye mwanafunzi, alitangaza Debian, jina alilolifuma kutokana na la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe. Alikuwa na tamko lake la malengo, ndiyo, lakini siri ya Debian mimi naiona kwenye mgawo wa kazi. Kila programu ilifungwa kama kifurushi, na kila kifurushi kikapewa mlezi. Kikiharibika, inajulikana nani wa kuulizwa. Mpaka Julai 1998, toleo la 2.0 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 1,500 na walezi zaidi ya 400.

Na katiba? Mkataba wao na jamii waliupitisha Julai 1997. Katiba yenyewe ilikuja Desemba 1998, miaka mitano baada ya kazi kuanza! Sisemi katiba haina maana. Nasema waliiandika wakiwa tayari na kitu cha kukilinda, na wanajua wanagombana wapi.

Hata kwetu mfano upo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyozungumza Kiswahili. Kusema "Kiswahili kiingie kwenye kompyuta" ni rahisi, kila kongamano la lugha linaweza kusema hivyo. Ila kwenye kioo kuna maneno mafupi maelfu: fungua, hifadhi, chapisha, futa. Lazima akae mtu achague neno, kisha lingine, na akumbuke lile la mwanzo lisije likabadilika mbele ya safari.

Basi sisi wenye ndoto za uandishi tujifunze hapo. "Tukuze fasihi ya vijana" haiwezi kufanywa na mtu yeyote Jumanne jioni. "Soma hadithi hizi mbili, uzirudishe zimesahihishwa Ijumaa" inaweza. Toleo la kwanza liwe kurasa nane za kutoa fotokopi, lenye makosa yanayoonekana, ili msomaji apate la kusahihisha naye aingie kazini.

Kikao kijacho, kabla hamjafika kwenye mengineyo, pitisheni karatasi yenye safu tatu: kazi, jina, tarehe. Mhuri tutauchonga tukishapata cha kugonga.