Asilimia Mia ya Nini?

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mradi wa hesabu za Hazina kwenda mrama, Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Mengi yamesemwa juu ya marufuku ile, na sina haja ya kuyarudia. Linalonivuta mimi ni dogo zaidi: siku zile, kujua kama mashine inafanya kazi au imekaa bure hakukuwa na utata. Ilikuwa na prosesa moja, yaani ile sehemu inayopiga hesabu zenyewe, na kilicho kimoja ama kinafanya kazi ama hakifanyi. Ukisema asilimia 60, kila mtu alielewa kuwa katika kila dakika kumi, sita zilikuwa za kazi.

Huko Marekani mambo yalikuwa yamekwisha kuanza kubadilika. Mwaka 1962 kampuni ya Burroughs ilitoa mashine yake ya D825 kwa matumizi ya jeshi, na mashine hiyo iliweza kubeba hadi prosesa nne zinazotumia kumbukumbu moja. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kuwa nazo nane. Wafanyakazi wakaongezeka, lakini kipimo kikabaki kilekile cha mfanyakazi mmoja.

Niliwahi kulieleza jambo hili nyumbani Mloka bila kompyuta yoyote. Juu yetu mtoni liko Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulipoingia kwenye gridi ya taifa Februari 2024, nilimwuliza mjomba wangu: huu mmoja ukizunguka kwa nguvu zake zote, na minane bado haijawashwa, tuseme bwawa linafanya kazi kiasi gani?

Akafikiri kidogo. "Ukiuliza mtambo," alisema, "utakwambia kazi imeufika shingoni. Ukiuliza bwawa, litakwambia halijaamka. Sasa ninyi watu wa mjini, mjomba, huwa mnamwuliza nani?"

Naam, hapo ndipo wajuzi wa kompyuta walipogawanyika. Ipo programu iitwayo top, ambayo William LeFebvre aliiandika mwaka 1984 ili kuonyesha kila kazi inavyokula prosesa. Ile inayotumika kwenye Linux ina njia mbili za kuhesabu, zilizopewa majina ya mifumo ya makampuni mawili ya zamani: Irix wa Silicon Graphics na Solaris wa Sun Microsystems. Kwa njia ya Irix, mia ni prosesa moja nzima, kwa hiyo kazi iliyotawanyika kwenye prosesa nne yaweza kuandikiwa 400, na mgeni akadhani mashine imerukwa na akili. Kwa njia ya Solaris, mia ni mashine nzima. Prosesa moja kati ya nne ikielemewa kabisa, utaona 25 tu. Hakuna aliyekosea hapo. Ubaya ni kwamba namba yenyewe haisemi imetoka njia ipi.

Hiyo 25 niliiona ikiwaumiza watu katika ofisi moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja. Mashine ilikuwa na prosesa nne. Hati zilichelewa hadi jioni, na ripoti ya kila wiki ilisema mashine inatumika robo tu. Wakubwa wakahitimisha kwamba mashine haina kazi, basi wazembe ni makarani. Nilipoitwa kutazama, jambo la kwanza nililofanya ni kutaka kila prosesa ionyeshwe kwenye mstari wake. Tatu zilikuwa zimelala. Moja ilikuwa mia tangu asubuhi. Programu yao ilikuwa ya zamani na ilijua kutumia prosesa moja tu; ungewaongezea kumi nyingine, foleni ingebaki ileile.

Hata hivyo sikuiamini mara moja hiyo mia, kwani ipo kasoro ya pili, na Mrufiji ataielewa haraka. Mkulima wetu hulinda shamba akiwa juu ya dungu. Hebu fikiria mlinzi anayefumbua macho kwa vipindi maalumu tu, kisha akayafumba. Mifumo mingi ilihesabu hivyo: saa ya ndani ilipogonga, mara 100 kwa sekunde katika Linux za mwanzo, kazi iliyokutwa kwenye prosesa iliandikiwa kipindi chote. Nguruwe anayejua mgongo wa saa hiyo angekula muhogo na kuondoka kila mara kabla jicho halijafumbuka. Mwaka 2007 watafiti Dan Tsafrir, Yoav Etsion na Dror Feitelson walionyesha programu ya namna hiyo, iliyonyakua sehemu kubwa ya prosesa huku hesabu ikisema haitumii kitu. (Nguruwe wa Mloka, nadhani, walikuwa wamekwisha kuligundua hilo zamani.)

Pale ofisini hapakuwa na nguruwe. Nilipima upya kwa kuhesabu muda wa kila kazi inapoingia na inapotoka, na mia ikabaki mia. Programu ikagawanywa ili sehemu zake ziende sambamba, na hati zikaanza kutoka kabla ya adhuhuri. Barua tatu za onyo zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mbili zilifutwa. Mwenye ile ya tatu alikuwa ameshaacha kazi na kurudi kwao Kibiti.